Mgeni wa Tabaka Apewe Tindo

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huichukulia methali hii kuwa kemeo kwa mgeni mvivu. Mimi naiona kuwa mpango mzuri wa biashara, na ningependa, ndugu msomaji, tuipime kwa mizani ya Tabaka, huko Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, ambako jiwe la sabuni huchimbwa na kuchongwa.

Katika mashamba ya Ufaransa kuna desturi iliyokomaa ya wanavijiji kuwalaza wageni kwa malipo. Sheria yao imeweka mipaka: vyumba visizidi 5, wageni wasizidi 15, mwenyeji awapokee katika makazi yake mwenyewe, na staftahi iwe ndani ya malipo. Baadhi ya wenyeji hao ni wafinyanzi au wachoraji, na mgeni hushinda nao karakanani. Shirika la Gîtes de France, lililoasisiwa mwaka 1955 ili kuendeleza malazi ya mashambani, lilizaliwa wakati vijana wa huko walipokuwa wakiyahama mashamba kukimbilia mijini. Je, kilio hicho si chetu pia?

Tazama safari ya kinyago cha Tabaka. Wanaume hulitoa jiwe shimoni kwa nguvu za mikono. Mchongaji hulipunguza kwa panga, kisha hulipa umbo kwa kisu na tindo. Wengi wa wanaolisugua kwa msasa na maji hadi liteleze ni wanawake, na mwisho hupakwa nta ling'ae. Baada ya hapo hufika mlanguzi. Mnunuzi wa Nairobi au ng'ambo hapati kamwe kujua ni mkono wa nani uliolisugua lile bakuli la waridi lililo mezani pake. Tangu 1978 sanamu ya ndege wa amani, Enyamuchera, kazi ya Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Kazi yetu imepata makao Ufaransa. Mpenzi wa kazi hiyo akija kutafuta chimbuko lake, hununua kinyago kimoja kando ya njia na kurudi kulala hotelini mjini Kisii.

Naona alale Tabaka. Siku mbili ale obokima bwa wimbi na chinsaga, azunguke machimboni, hata apande Nyamira kuchuma majani chai. Siku ya tatu apewe tindo na jiwe, akosee, alivunje, aanze upya. Hapo ndipo atakapofahamu kwa nini bei aliyoikataa jana ilikuwa ya haki.

Wapo watakaosema kwamba ukarimu wa Omogusii hauuzwi. Nakubali. Lakini kinachouzwa hapa ni ufundi na kitanda. Salamu na uji vitabaki bure kama zamani. Pingamizi lililo zito zaidi ni la chinsoni, ile miiko ya heshima inayoamua nani aingie nyumba ya nani. Mgeni hawezi kulazwa popote kwa sababu tu amelipa. Bahati nzuri mababu walitujengea jibu: esaiga, nyumba ya vijana wasiooa, iliyojitenga na nyumba ya mama. Esaiga moja safi, yenye kitanda, neti na choo kizuri, yatosha. Nayo haimezi shamba, jambo kubwa katika nchi hii ya vishamba vilivyogawanywa hadi vikawa vitalu.

Lakini pawe na masharti. Anayesugua alipwe katika ada ya mgeni kama anayechonga, la sivyo tutakuwa tumemhamisha mlanguzi kutoka barabarani hadi sebuleni. Mgeni asishushwe shimoni baada ya mvua. Kuta za machimbo hazina urafiki. Na kwa kuwa Sheria ya Utalii ya 2011 inadai leseni, kaunti imsaidie mwenye chumba kimoja kuipata bila kumtoza kama mwenye hoteli.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna kazi yetu humo. Wachongaji wana msamiati mpana wa Ekegusii kwa aina za mawe, mipasuko na rangi, nasi hatujaukusanya. Mgeni atahitaji mkalimani, na mkalimani atahitaji faharasa. Likizo ijayo twende Tabaka na madaftari.