Riba za nyumba: sheria ipo, serikali ndiyo haipo

Aliyechukua mkopo wa nyumba wa riba inayobadilika hapa Kenya anaijua ile barua fupi ya benki: riba yako imepanda, malipo mapya yanaanza mwezi fulani. Haulizwi, haelezwi hesabu ilivyopigwa. Anaarifiwa tu.

Basi tuipige hesabu wenyewe. Mkopo wa shilingi milioni 5 wa miaka 20, kwa riba ya asilimia 13, hulipwa takriban shilingi 58,600 kwa mwezi. Riba ikiruka hadi asilimia 17 mkopo ungali mchanga, malipo yanafika kama 73,300. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya shilingi 14,000 kila mwezi, na nyumba ni ile ile, hata chumba kimoja hakikuongezwa. Kwa mwalimu wa Kisauni au karani wa bandarini, hiyo ni karo ya watoto.

Sitaki kuwalaumu wenye benki peke yao. Benki ni biashara, na biashara hutafuta faida. Swali langu ni kwa serikali, kwa sababu katika jambo hili haiwezi kusema imefungwa mikono.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinakataza benki kuongeza ada zake bila idhini ya Waziri wa Fedha. Kwa miaka mingi benki zilishikilia kuwa riba si ada, hivyo hazina haja ya kubisha hodi kwa waziri. Juni 2025, katika kesi ya Benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, Mahakama ya Juu iliamua kwamba riba nayo imo, na idhini inahitajika. Lakini tazama aliyeanza kesi hiyo. Si Wizara ya Fedha iliyokwenda kortini kutetea mamlaka yake. Ni mteja aliyeona anaonewa.

Wako watakaosema serikali ilishajaribu. Kweli, Septemba 2016 sheria ilianza kuzibana riba za mikopo zisipite asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Wengi walishangilia. Lakini benki zikabana mikopo ya watu wa kawaida na wafanyabiashara wadogo, zikaona heri kuikopesha serikali. Novemba 2019 sheria hiyo ikaondolewa. Mimi siombi irudi vile ilivyokuwa. Ila kushindwa kwa dawa moja si sababu ya kumwacha mgonjwa bila matibabu.

Kwa nini basi serikali inasuasua? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu yenyewe ni mkopaji mkubwa kuliko wote. Februari 2024 iliuza hati za dhamana za miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, bila kodi. Benki inayoweza kupata faida hiyo kwa kuikopesha serikali, itamkopesha mjenzi wa Mtwapa kwa bei nafuu kwa sababu gani? Serikali haikuwa refa wa mchezo huu. Ilikuwa uwanjani na jezi imevaa.

Tangu Agosti 2024 Benki Kuu imekuwa ikiteremsha kiwango chake. Kilikuwa asilimia 13. Mwaka mmoja baadaye kilikuwa 9.5. Riba za benki kwa wateja zilishuka pia, lakini kwa mwendo wa kobe: wastani wa asilimia 17.2 Novemba 2024 ulikuwa 15.2 Julai 2025. Riba ikipanda, barua hufika mbio. Ikishuka, barua hupotea njiani.

Benki Kuu iliwaonya wenye benki, kisha ikaleta utaratibu mpya: riba zifuate wastani wa riba ambazo benki hukopeshana kwa usiku mmoja, uitwao KESONIA, na nyongeza ya benki juu yake itangazwe. Mikopo mipya ilianzia Septemba 1, 2025. Ya zamani ikapewa muda hadi Februari 28, 2026. Ni hatua ya maana, kwani angalau mtu ataweza kulinganisha benki na benki. Lakini ile nyongeza bado inapangwa na benki yenyewe, na uwazi peke yake haupunguzi bei.

Sisi wa Pwani tuna la ziada. Mombasa ya zamani imejaa nyumba ambazo mwenye jengo si mwenye ardhi, na bila hati ya ardhi benki haikusikilizi. Nchi nzima ina mikopo ya nyumba kama 30,000 tu. Wachache wetu waliobahatika kuingia mlango huo wasije wakatolewa na dalali kwa sababu ya riba waliyoongezewa bila idhini ya mtu.

Serikali hii hii inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mwajiriwa kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Haiwezi kudai inajali makao kwa anayesubiri nyumba, halafu ikamnyamazia anayeilipia.

Nataka Waziri wa Fedha atangaze waziwazi jinsi anavyotekeleza kifungu cha 44: nani ameomba kuongeza riba, na amejibiwa nini. Nataka pia Benki Kuu iweke muda maalumu wa kumshushia mteja riba kiwango kinaposhuka. Na wabunge wetu wa Pwani waulize maswali haya Bungeni, si kwenye harusi na matanga.

Wakati tukingoja, jua haki zako. Sheria ya Ardhi inataka upewe ilani ya maandishi ya siku 30 kabla riba ya mkopo wa nyumba kubadilishwa, iliyoandikwa kwa lugha inayoeleweka. Ukikwama kulipa, una miezi 3 ya kurekebisha, kisha ilani ya siku 40 kabla ya mnada. Na mkopo ukishahesabiwa kuwa mbovu, riba inayoongezwa baadaye haiwezi kuzidi deni lililokuwapo siku hiyo. Itoe barua ya benki kabatini, uisome upya, na kama hesabu hailingani, dai maelezo kwa maandishi.