Tupime kasha kabla ya kununua kadi

Umezuka mtindo katika shule na vyuo vyetu wa kununua kompyuta zenye makasha madogo ili zisijaze meza, kisha kuzitwika kazi nzito kwa kuzitia kadi ya michoro yenye nguvu. Sina ugomvi na mtindo huo. Ninachokipinga ni ile tabia ya kuichagua kadi kwa kutazama bei na kumbukumbu yake pekee, bila ya kuuliza itakaa wapi na joto lake litatokea wapi.

Huenda msomaji akashangaa mwanaisimu anatafuta nini katika vyuma hivi. Ukweli ni kwamba kadi ya michoro haitumiki tena kwa picha na michezo tu. Hufanya hesabu nyingi mno kwa wakati mmoja, na ndiyo maana hutumiwa kuifunza kompyuta kutambua usemi wa binadamu. Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili aliihitaji ili aifunze programu kunukuu mazungumzo ya Kimvita aliyoyarekodi. Muuzaji alituhakikishia kwamba kadi ingeingia. Ilipofika, urefu wake ulizidi milimita 300, ilhali nafasi iliyokuwamo kashani ilikuwa milimita 270. Duka likakataa kuirudisha kwa kuwa pakiti ilikwisha kufunguliwa. Tukahangaika wiki sita kutafuta fedha za kununua nyingine, na tarehe ya kuwasilisha tasnifu haikutungoja.

Majuto ni mjukuu. Lawama ya kwanza ni yetu, kwa maana vipimo hivyo huchapishwa na watengenezaji wenyewe. Kadi ya GeForce RTX 4090 iliyotengenezwa na NVIDIA, kwa mfano, ina urefu wa milimita 304, unene wa kujaza nafasi tatu, na hutumia hadi wati 450. Bodi ya Mini-ITX, inayotumiwa sana katika makasha madogo, ina sentimita 17 tu kila upande. Basi mnunuzi na apime mambo matatu: urefu, unene na umeme. Tundu la bodi hutoa wati 75 pekee. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo sharti ipate waya zake kutoka kwenye pawasaplai yenye uwezo wa kutosha.

Hata hivyo, kuingia si kukaa. Kadi fupi tuliyoipata baadaye ilifanya kazi kwa dakika kumi, kisha ikazorota. Haikuwa mbovu. Kadi hizi hujilinda: joto linapokaribia kikomo, hushusha kasi zenyewe. Takriban umeme wote unaoingia katika kadi hugeuka joto, kwa hivyo kadi ya wati 170 kama yetu ni karibu sawa na balbu tatu za zamani za wati 60 zilizowashwa ndani ya sanduku. Feni za kadi nyingi huitupa hewa moto humo humo kashani, na isipopata pa kutokea, feni huivuta tena. Zipo kadi zenye feni ya kupuliza inayoisukuma hewa hiyo nje kupitia nyuma. Hizo zina kelele, lakini hufaa sana pale kasha linapobana.

Aidha, mahali pana athari. Kila nyuzi moja inayoongezeka katika chumba huongeza karibu kiasi kile kile katika joto la kadi, jambo ambalo mwalimu wa Mombasa hapaswi kulisahau. Nairobi kuna baridi, lakini mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake nyepesi hubeba joto kidogo zaidi kwa kila mzunguko wa feni.

Tulifanya nini? Tuliitoa kompyuta kabatini, tukapangusa vumbi, tukaitenga na ukuta na kufunga feni ya kutolea hewa. Kisha tukaiwekea kadi kikomo cha wati 130. Kazi ilichelewa kidogo tu, wala si kwa kadiri ya umeme tuliopunguza. Tasnifu iliwasilishwa, ila baada ya muhula mzima kupotea.

Ombi langu kwa wakuu wa idara na shule ni hili: fomu za kuagizia kompyuta ziwe na sehemu ya kujaza urefu, unene, wati na njia ya hewa. Nanyi walimu, izimeni kompyuta, ichomoeni kutoka kwenye umeme, mlifungue kasha mbele ya wanafunzi na kuwapa rula wapime wenyewe. Kasha, tundu, feni na joto ni maneno wanayoyajua tayari. Laiti mmoja wetu angaliyatumia kumuuliza muuzaji swali moja, mwanafunzi yule asingalipoteza muhula.