Maji ya Nanyuki

Msomaji kijana, ukisafiri kwa barabara kutoka Nairobi kwenda Isiolo utapita Nanyuki, mji mdogo uliokaa magharibi ya Mlima Kenya. Hapo kando ya njia pana ubao wenye sura ya bara la Afrika, umepigwa mstari katikati, kuwaarifu wapitao kwamba wamefika Ikweta. Mabasi ya shule husimama hapo. Husimama pia yale magari makubwa yaliyotiwa vitanda, jiko na tangi la maji, ambayo wageni huyafanya nyumba zao za safari. Wengine wameshuka nayo kutoka Misri na Ethiopia, wakaingia kwetu kwa mpaka wa Moyale, na nia yao ni kufika ncha ya kusini ya bara hili. Mtu aliyekwenda masafa hayo yote hawezi kuupita ubao ule asipigwe picha, mguu mmoja kaskazini na mguu mmoja kusini. Sina neno juu ya picha. Neno langu ni juu ya maji.

Karibu na ubao hukaa watu wenye bakuli lililotobolewa tundu chini, jagi la maji na kijiti cha kiberiti. Mmoja wao huwachukua wageni hatua ishirini hivi kaskazini ya mstari, akamimina maji bakulini, akaelea kijiti juu yake. Maji yakitoka, kijiti huzunguka upande mmoja. Kisha huwavusha kusini, hatua zile zile, na kijiti huzunguka upande wa pili. Mwisho husimama juu ya mstari wenyewe, na maji hushuka moja kwa moja, kijiti kimetulia tuli. Watazamaji hupiga makofi. Atakaye hununua cheti chenye jina lake, kushuhudia kwamba ameivuka Ikweta. Biashara kama hiyo iko Kayabwe pia, nchini Uganda, katika barabara iendayo Masaka kutoka Kampala.

Nasema waziwazi: maji yale hayazungushwi na dunia. Huzungushwa na mkono wa mtu.

Uongo huu una nguvu kwa sababu umevaa nguo ya elimu. Iko kweli nguvu iitwayo kwa jina la Gaspard-Gustave de Coriolis, Mfaransa aliyeandika juu yake mwaka 1835. Kwa kuwa dunia huzunguka, kitu kiendacho mbali juu ya uso wake huonekana kupinda njia: kaskazini ya Ikweta hupinda kulia, kusini hupinda kushoto. Ndiyo sababu dhoruba kubwa za kaskazini huzunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, na za kusini huufuata mwendo huo. Kimbunga Idai, kilichoupiga mji wa Beira huko Msumbiji mwezi wa Machi 2019, kilizunguka kwa kuufuata. Lakini Idai kilienea mamia ya kilomita, na kiliishi siku nyingi. Bakuli la Nanyuki lina upana wa shibiri moja au mbili, nalo hukauka kabla hujahesabu hadi mia.

Tena kuna jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa jiografia angepaswa kulikumbuka palepale aliposimama. Nguvu hiyo hupungua kadiri uikaribiavyo Ikweta, na juu ya Ikweta yenyewe haipo. Ndiyo maana vimbunga ni nadra sana kuzaliwa karibu na mstari huo. Kwenda hatua ishirini kutoka hapo ni sawa na kutokwenda. Fanya hesabu uone: mita 20 kutoka Ikweta, nguvu ya kuyapinda maji ni ndogo kuliko ile ya mji wa Boston, Marekani, kwa zaidi ya mara 200,000.

Boston nimeutaja kwa sababu. Karibu na mji huo, mwaka 1962, mhandisi Ascher Shapiro wa chuo cha MIT alitaka kujua kama nguvu hiyo yaweza kuonekana katika chombo cha maji. Alichukua tangi la duara lenye upana wa mita 1.8 hivi, akatia maji ya kina cha sentimita 15, akalifunika lisiguswe na upepo, akangoja saa 24 nzima ili maji yatulie. Ndipo akafungua kitundu kidogo katikati. Kwa dakika 12 na zaidi hapakuonekana kitu. Baadaye kielelezo kilichoelea juu ya tundu kikaanza kuzunguka polepole, kinyume cha saa, kama ilivyotazamiwa. Mwaka 1965 wataalamu wa Sydney, Australia, walifanya vivyo hivyo, na maji yao yakazunguka upande wa pili. Saa 24 za kungoja, msomaji, na huko ni mbali sana na Ikweta! Nawe waambiwa kwamba jambo hilo hilo hutokea kwa dakika moja, hatua chache kutoka ubaoni, kwa maji yaliyotoka jagini sasa hivi.

Siri yenyewe ni nyepesi. Maji yakimiminwa kwa ubavu wa bakuli hupata mwendo wa kuzunguka. Mtu akigeuka na bakuli mkononi kuwaelekea watazamaji, mgeuko wake hubaki majini. Mwendo huo ni mdogo, hauonekani kwa jicho, mpaka maji yakusanyike kwenye tundu. Hapo huongeza kasi, na kijiti huufichua. Akitaka kijiti kitulie humimina taratibu katikati, wala hageuki.

Najua nitakavyojibiwa. "Ni mchezo tu, na watu wanatafuta riziki." Riziki naiheshimu. Mwenye kiinimacho akisimama sokoni akasema, "Njoni mwone kiinimacho," ametuuzia kile alichokitaja, nami nitampa shilingi zangu kwa furaha. Huyu wa bakuli hasemi hivyo. Husema, "Hii ni sayansi." Aliyekuuzia maji ya sukari akayaita asali hakukuuzia mchezo. Hata hivyo simlaumu yeye kuliko wote. Yamkini naye aliambiwa hivyo na aliyemtangulia, akaamini. Mgeni wa gari lenye vitanda naye ataondoka na hadithi, ataisimulia kwao, na hasara yake haizidi bei ya cheti.

Lawama kubwa naiweka juu ya mwalimu aletaye darasa zima hapo, akasimama nyuma akipiga makofi. Jumatatu alifundisha kwamba kila dai hupimwa. Ijumaa amelifuta somo lake kwa viganja viwili. Mwanafunzi hurudi shuleni na vitu viwili: neno la kitabu, na jambo aliloliona kwa macho. Vikigombana atashika kipi? Atashika macho, na tangu siku hiyo atadhani kwamba sayansi ni kutazama na kusadiki. Kijana aliyesadiki bakuli atasadiki kesho dawa iponyayo kila ugonjwa, ikionyeshwa kwa maji yanayobadilika rangi. Atasadiki na mwombaji wa kura mwenye hesabu za kubuni. Wote hao hutumia desturi ile ile: onyesho la haraka, maneno ya kitaalamu, na kundi lililokwisha kuanza kupiga makofi.

Mahali penyewe pana kisa kistahilicho kusimuliwa badala ya hayo. Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf, akiwa Ukambani, aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Habari zilipofika Ulaya, baadhi ya mabingwa wa jiografia walizikataa, maana theluji itakaaje karibu na Ikweta? (Wakamba walikuwa wameuona mlima huo miaka yote bila kuomba ruhusa ya bingwa yeyote.) Kilele chake, mita 5,199 juu ya bahari, kiko umbali usiotimia kilomita 20 kusini ya mstari, na barafu yake, ingawa inazidi kupungua, yaonekana kutoka Nanyuki asubuhi isiyo na mawingu. Mabingwa wale walikosea kwa kukataa kutazama. Watazamaji wa bakuli hukosea kwa kutazama bila kuuliza.

Na mambo ya kweli ya Ikweta hayana kiingilio. Karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba, kiasi cha saa sita na nusu mchana, fimbo iliyosimamishwa wima hapo hukosa kivuli. Wewe uliyesimama wabebwa na dunia kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, wala huhisi kitu. Usiku, mbingu za kaskazini na za kusini zote mbili ni zako kwa zamu katika mwaka, jambo ambalo mtu wa London hana wala wa Sydney hana.

Basi ukifika Nanyuki na wenzako, usimtukane mtu. Msalimu mwenye bakuli, umlipe haki yake, kisha umwombe akuachie chombo. Kiweke chini kaskazini ya mstari, ziba tundu kwa kidole, ujaze maji, ungoje yatulie kabisa, kisha ufungue. Fanya hivyo mara kumi, ukiandika kila mara upande kilikozunguka kijiti. Rudia upande wa kusini. Halafu mimina kwa ubavu wa kulia, kisha kwa ubavu wa kushoto, uandike tena. Daftari hilo mpe mwalimu wako alisome kabla basi halijaondoka.