KAZI ZA MIKONO: Tisheti za matanga na picha yenye kushika

Hapa Goma matanga, ndoa na sikukuu za koro zinapendwa na tisheti za picha. Kijana aliyechoka na shimo la koltani anaweza kuishi kwa kazi hii. Lakini familia yenye kulia ikichanga pesa ya tisheti 40, halafu jina la marehemu likatoka kinyumenyume, nani atawarudishia ile pesa? Na maziko ni kesho.

Tuelewe kwanza moto unafanya nini. Wino wa sublimasio unachapwa kwenye karatasi, kisha presi ya moto wa digri karibu 200, kwa dakika moja hivi, inaugeuza kuwa mvuke. Mvuke ule unaingia ndani ya nyuzi za poliesta. Kwa pamba hauna pa kushika, njo maana tisheti ya pamba inapauka mara ya kwanza kufuliwa. Basi, mbele ya kugusa kompyuta, soma etiketi ya nguo. Wauzaji wengine watakuambia "yote ni moja tu". Si moja.

Wino mweupe hauko. Kila sehemu nyeupe ya picha itakuwa na rangi ya nguo yenyewe, na buluu juu ya nguo ya manjano itatoka kijani. Juu ya hiyo, chagua nguo nyeupe. Nyeusi usijaribu hata kidogo.

Picha ya marehemu mara nyingi inakuja kwa WhatsApp, imepunguzwa tayari. Omba ile ya kwanza, itumwe kama dokima. Kwa upana wa sentimita 25 picha ipate nukta karibu 3,000. Yenye 600 itatoka na ukungu, na hakuna programu ya kurudisha uso ambao haukupigwa vizuri.

Karatasi ikitoka rangi zimefifia, usiogope wala usiongeze wino: moto utaziamsha. Umeme ukikatika katikati na karatasi ikasogea, usiirudishe, italeta kivuli cha pili.

Kugeuza picha kama kwenye kioo ni kazi ya mwisho. Mbele ya kuigeuza, ita mtu wa familia, asome jina na tarehe zote mbili kwa sauti, kisha atie sahihi.