Hatumtibu, Tunamkimbia

Mama mmoja wa Migwani, Kitui, ninayemjua huketi benchi ya mwisho kanisani, karibu na mlango. Amejifunga leso mbili, ndani amekunja kitambaa. Tangu alfajiri hajagusa hata chai, maana akinywa atavuja. Akiinuka, hugeuka kwanza kutazama kama benchi imelowa.

Nasi tunajua. Tunasikia harufu, tunasogea, kisha tunaendelea kuimba.

Unafiki huu umenichosha! Tunasema ni uzee. Tunanong'ona kwamba amerogwa. Uongo mtupu! Kushindwa kuzuia mkojo au choo ni dalili, na dalili ina chanzo: misuli ya nyonga iliyolegea au kuchanika wakati wa kujifungua, kisukari, kiharusi, uti wa mgongo ulioumia, tezi dume iliyovimba kwa wazee wetu. Wapo pia wenye fistula: mtoto alikwama, uchungu ukavuka siku nzima, kichwa kikabana nyama hadi ikafa na kuacha tundu. Tundu hilo hushonwa na daktari wa upasuaji. Mganga hana dawa yake. Addis Ababa kuna hospitali ya kazi hiyo tangu 1974. Nairobi na Eldoret wanashona. Mbona mama zetu bado wanakunja vitambaa?

Hapa Kitui aibu hii inapimwa kwa mitungi. Lita 20 zilizoletwa na punda kutoka kisima cha mchanga mtoni: unywe, upike, au ufue vitambaa? Mama huamua kutokunywa, naye hujiumiza bila kujua. Mkojo mzito hukereketa kibofu, choo kigumu hukikandamiza, na kuvuja kunazidi.

Wewe muuguzi wa kliniki, nawe mhudumu wa afya ya jamii unayepita boma kwa boma, swali ni moja tu: "Mama, unavuja mkojo au choo?" Liulize! Kama ni misuli iliyolegea, mfundishe kuikaza kama anayezuia mkojo, ahesabu, aachilie, kila siku kwa miezi mitatu. Asipopata nafuu, mpe rufaa. Ukishuku fistula, mpe rufaa mara moja.

Nawe mume uliyemrudisha mkeo kwao: jeraha lile alilipata akikuzalia mtoto. Kamchukue, mwende hospitalini pamoja.

Sisi wengine, Jumapili ijayo tukisikia harufu, tusisogee. Tuketi naye benchi ile ile, na Jumatatu tumsindikize kwa daktari.