Tumeni maandishi, si picha ya maandishi

Mwalimu kachapa notsi zake vizuri kwenye Word. Kaziprinti, kazigonga muhuri, kisha kazipiga picha kwa simu na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mwanafunzi asiyeona anafungua faili. Simu inamtajia ukurasa wa kwanza, inanyamaza. Ukurasa wa pili, inanyamaza. Picha haina herufi za kusomwa. Inabidi amsubiri mwenzake amsomee, na mwenzake naye ana mtihani huohuo kesho.

Kwa nini lisitumwe lile faili la Word lenyewe? Ukiuliza, sababu hazikosi: bajeti hakuna, mafunzo hatujapewa, tunasubiri vifaa. Tumezisikia vya kutosha. NVDA, programu inayosoma skrini ya kompyuta kwa sauti, ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, ambaye baadaye aliungana na mwenzake asiyeona, James Teh, na Kiswahili inakisoma, ingawa kwa sauti kavu. Simu nyingi za Android zinakuja na TalkBack ndani. Kwa hiyo mara nyingi kifaa mwanafunzi anacho; asichonacho ni faili linalosomeka. Kumtumia picha ni kumpa mtu debe la mahindi lililochomelewa mfuniko.

Wengine husingizia hakimiliki ya vitabu. Mwaka 2020 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaozitaka nchi ziruhusu vitabu kugeuzwa katika namna ambayo asiyeona ataweza kuvisoma, bila kumwomba kibali mwenye hakimiliki. Na notsi za mwalimu, je? Hizo kaandika mwenyewe.

Kazi iliyobaki ni ndogo. Vichwa vya sehemu viwekwe kwa mtindo wa vichwa uliomo ndani ya Word, si kukoleza wino tu, ili msikilizaji aweze kuruka moja kwa moja hadi sehemu anayoitaka. Mchoro uelezwe kwa maneno. Kama ni moyo, andika chini yake kwamba damu kutoka mwilini huingia chemba ya juu kulia, hushuka hadi ya chini, ndipo huenda kwenye mapafu. Sentensi hiyo itamsaidia hata anayeona.

Wasiosikia nao wasisahauliwe. Hapa Songea tuna shule ya viziwi Ruhuwiko, na watoto wake wana haki ya kuendelea na masomo kama wenzao. Video ya somo yenye sauti tupu haiwafai kitu. Iwekwe maandishi chini, na penye mkalimani wa lugha ya alama aonekane vizuri, asibanwe pembeni kama stempu.

Wakuu wa shule na vyuo wanaweza kulimaliza hili katika kikao kimoja cha walimu: notsi za picha hazipokelewi. Mwalimu, faili ulilochapa bado limo kwenye kompyuta yako. Tuma hilo.