Tupime Mafuta ya Giaboksi Wenyewe

Ndugu askari, wengi wetu siku hizi tunaendesha magari yenye gia za otomatiki, lakini mafuta ya giaboksi twayapima kama oili ya injini: asubuhi, injini imezimwa. Hilo ni kosa. Injini ikizimwa, mafuta hurejea chini, kijiti kikaonyesha yametosha kumbe yamepungua. Siku ya doria gia zateleza na gari lakwama. Katika Toyota nyingi zenye kijiti, gari litembezwe kwanza lipate moto, lisimame mahali tambarare, injini ikinguruma. Mkono wa gia upitishwe kila nafasi na kurudishwa kwenye P, ndipo upime. Honda hutaka injini izimwe kwanza, basi kitabu cha gari ndicho amri.

Kubadilisha mafuta hayo nyumbani sioni shida, mradi gari likalie stendi imara, si jeki tupu. Pima yaliyotoka, urudishe kiasi hichohicho, cha aina iliyotajwa kitabuni. Usishangae yakiwa machache, kwani mengi husalia ndani ya konveta. Yakizidi kipimo hutoa povu. Lakini yakiwa meusi na kunuka kuungua, mafuta mapya hayatibu. Hapo mwite fundi.